Duduk haisikiki, ngoma zinapasua: je, albamu yangu ni mbovu?

"Mwalimu, nilipoitazama Battlestar Galactica, ile tamthilia ya anga za juu iliyoanza 2004, muziki wake ulinikaa kichwani, nikanunua albamu ya msimu wa kwanza. Naisikiliza kwa simu na spika za masikioni ndani ya daladala, saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi, na usiku napitiwa na usingizi nikiwa nazo. Vipande vingine, hasa vya duduk, ile zumari laini ya Waarmenia, viko chini mno, sivisikii, naongeza sauti. Mara ngoma zinaingia, zinanipasua, napunguza. Kwenye tamthilia haikuwa hivi. Rafiki yangu anayeuza vifaa vya muziki anasema faili zangu ni mbovu na ninunue amplifaya ndogo ya hedifoni. Wiki hizi masikio yanalia usiku kama nyenje, asubuhi yananyamaza. Halafu kuna piano niliyoipenda sana msimu wa pili, yule rubani Starbuck akiwa nyumbani kwake kwa zamani. Nimenunua na albamu ya msimu wa pili, haimo. Nimeuziwa albamu pungufu?"

Ndugu yangu, faili zako ni nzima na amplifaya huihitaji. Piano nitakuelekeza ilipo. Ila nitaanza na hilo la masikio kulia, ulilolitaja kama jambo la kupita, kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kusubiri mpaka mwezi ujao na hili lisisubiri.

Mlio unaokuja baada ya kelele na kuondoka asubuhi ni dalili kwamba sikio limechoshwa. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, mfereji uliojikunja, wenye seli kama elfu kumi na tano zilizoota vinyweleo. Mawimbi ya sauti yanapoingia, vinyweleo huinama na kuinuka, na ndivyo mtikisiko unavyogeuka kuwa ishara ya neva. Ukivilazimisha kwa nguvu muda mrefu, seli hulegea, usikivu hushuka kwa saa kadhaa, na ubongo huujaza ule upungufu kwa mlio wake wenyewe. Ukipumzika, seli nyingi hurudi kazini. Zilizokufa hazioti tena. Binadamu hana uwezo huo.

Watu wengi huamini kwamba mlio ukishaondoka, mambo yameisha. Mimi pia ningependa iwe hivyo. Lakini utafiti uliofanywa Marekani kwa panya na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba hata usikivu unaporudi kwenye kipimo cha kawaida, miunganisho kati ya seli hizo na neva inaweza kuwa imepotea moja kwa moja. Panya si mtu, ila sioni sababu ya kuifanya koklea yako kuwa maabara.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Saa zako mbili za barabarani kwa siku tano ni saa 10, yaani kwa desibeli 86 umekwisha kula mgao wote wa wiki kabla hujafika kitandani. Ukifika 100, mgao ni kama dakika 20 kwa wiki nzima. Nitakuonyesha hapa chini jinsi ngoma za albamu hii zinavyoweza kukufikisha huko bila wewe kukusudia.

Kwa hiyo, wiki mbili kuanzia leo, kitandani hakuna spika za masikioni. Ukitaka muziki wa kulalia, weka simu mezani, spika yake yenyewe iimbe chini, na uiwekee saa ya kujizima. Usichokonoe masikio kwa vijiti vya pamba ukidhani mlio unatokana na nta. Utaisukuma ndani zaidi. Mlio ukiendelea baada ya wiki mbili hizo, au ukiwa wa upande mmoja tu, au ukidunda sambamba na mapigo ya moyo, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo ukapimwe usikivu. Hospitali kubwa za rufaa zina kitengo hicho. Muhimbili kipo, Kenyatta kipo. Na ukiamka siku moja sikio limeziba ghafla, halisikii, hata kama haliumi, usingoje wiki iishe. Hiyo ni dharura. Ipo dawa inayoweza kusaidia, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo nafasi ya kupona inavyopungua. Mimi ni fundi wa kuchanganya sauti studio, siwezi kukupima kwa maandishi, na yeyote anayekwambia anaweza, mkimbie.

Sasa tuje kwenye albamu.

Unasema kwenye tamthilia haikuwa hivi, na ni kweli. Muziki wa tamthilia hupitia mikono miwili. Kwanza mtunzi na fundi wake huuchanganya wenyewe kama muziki. Kisha unakwenda kwa fundi anayeunganisha kila kitu: mazungumzo, injini, milipuko, nyayo, na muziki. Kwa huyu wa pili, mfalme ni neno linalotoka kinywani mwa mwigizaji. Ngoma ikimfunika Adama, kamanda wa meli, akisema, ngoma inashushwa. Duduk ikilia peke yake baada ya mtu kufa, hakuna anayesema, basi inapandishwa. Matokeo yake ulipokuwa ukitazama, kuna mtu alikuwa ameshika kitufe cha sauti kwa niaba yako dakika baada ya dakika. Kwenye albamu mtu huyo hayupo. Unasikia ngoma zilivyopigwa na duduk ilivyopulizwa, na umbali kati yao umeachwa kama ulivyo.

Na katika muziki huu umbali huo ni mkubwa kwa makusudi. Battlestar Galactica ya kwanza, ya 1978, ilikuwa na muziki wa Stu Phillips, okestra kamili ya Los Angeles Philharmonic, matarumbeta yanayotangaza ushujaa. Waliofufua hadithi hiyo 2003 walitaka kitu kinyume kabisa. Richard Gibbs alitunga muziki wa toleo fupi la mwanzo akisaidiwa na kijana Bear McCreary, aliyezaliwa 1979. Tamthilia ilipoendelea, Gibbs akaondoka na kijana akaachiwa kazi yote hadi mwisho 2009. Matarumbeta ya kishujaa yakawekwa kando. Zikaja ngoma za taiko kutoka Japani, duduk ya Waarmenia, erhu ya Wachina yenye nyuzi mbili, gamelan ya Indonesia ya gongo na vyuma vya kugonga, na baadaye hata zumari za mfuko za Waskoti na Waairishi. Na kimya kingi. Meli ya kivita ikielea angani huku hakuna kinacholia isipokuwa ngoma moja kwa mbali: hilo mwaka 2004 lilikuwa jambo geni kwenye televisheni.

Acha nitoke nje ya swali kidogo. Mtunzi alitaka msikilizaji asijue yuko taifa gani, na kwa mtazamaji wa Ohio, Marekani, pengine alifaulu: sauti ya mwanzi ikilia, yeye anasikia mbali. Sisi wa pwani masikio yetu yamelelewa vingine. Mtu aliyekulia Lamu au Mombasa akisikia mwanzi wa ndimi mbili, mawazo yanakwenda kwenye ngoma na harusi yenye nzumari kabla hayajafika kwenye nyota. Sidhani hilo ni kosa la yeyote, ila huwa nacheka kidogo wachambuzi wa huko wanapoiita sauti hiyo "ya kigeni".

Nzumari inasaidia kueleza kwa nini duduk inakupotea. Zote mbili hupulizwa kupitia mwanzi wa ndimi mbili. Lakini tundu la nzumari linapanuka kuelekea mwisho wake wa chini, ndiyo maana sauti yake ni kali na inafika mtaa wa pili. Tundu la duduk, linalotobolewa kwenye mti wa aprikoti, ni sawa toka juu hadi chini, na mwanzi wake ni mpana na mnene. Umbo hilo huishusha sauti iwe nzito kuliko urefu wa chombo unavyokufanya utarajie, na nyororo, karibu na sauti ya mtu anayeimba mdomo umefumba. Ni chombo cha chumbani. Sauti yake imekaa katika eneo la masafa (yaani uzito au wembamba wa sauti) ya chini na ya kati, na hapo hapo ndipo injini ya dizeli na matairi vinaponguruma. Kelele ikilingana na muziki kwa masafa, muziki unafunikwa, haijalishi faili ni safi kiasi gani.

Hesabu yake sasa. Tuseme ndani ya gari kuna kelele ya desibeli 75. Duduk, ukiwa umeweka sauti ya kawaida, inakufikia kwa 55. Imezama. Unapandisha mpaka uisikie, tuseme desibeli 20 au zaidi. Vizuri, inasikika. Lakini kitufe ulichopandisha kimepandisha albamu yote. Taiko ambayo ingekuja kwa 80 inakuja kwa 100, na inakuja ghafla, maana kazi yake kwenye hadithi ni kushtua. Hapo ndipo "zinanipasua" inapotokea, na hapo ndipo masikio yanapolia usiku. Amplifaya ya rafiki yako ingefanya nini? Ingepandisha vyote viwili zaidi. Amplifaya ya hedifoni ina faida pale hedifoni ni kubwa na nzito kiasi kwamba simu haina nguvu ya kuzisukuma. Spika za masikioni zako simu inazisukuma hadi kukuumiza; nguvu si tatizo lako. Simwiti rafiki yako tapeli. Mwenye duka huona kila shida ikifanana na bidhaa iliyo kwenye rafu.

Na ubora wa faili? Faili iliyobanwa sana huharibu vitu vidogo: matoazi yanakuwa kama mchanga, mwangwi wa chumba unakatika. Haiwezi kufanya kipande kimoja kiwe chini na kingine juu. Ukisikia tofauti ya ukubwa wa sauti tu, faili achana nayo.

Kitu ambacho kingekusaidia kweli barabarani ni kupunguza kelele inayoingia, ili usihitaji kupandisha muziki. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kubadilisha vile vipira vya mpira kwenye spika za masikioni, upate saizi inayoziba sawasawa. Watu wengi hutumia vilivyokuja na boksi maisha yao yote, na sikio la kushoto mara nyingi halilingani na la kulia. Kikiziba vizuri utajua mara moja, besi inarudi. Njia ya pili ni hedifoni zenye kuzuia kelele kwa umeme. Hizi husikiliza mngurumo wa nje kwa kipaza sauti kidogo na kutoa wimbi lililo kinyume chake, na zinafaa hasa kwa mngurumo wa chini unaoendelea, yaani injini. Kwa makelele ya kondakta hazifui dafu. Ni ghali, na za bei ya kutupa mara nyingi hazifanyi zinachoahidi. Ukinunua, zivue kabla ya kushuka garini. Bodaboda haitoi honi mara mbili.

Kwenye simu yako pia, tafuta ndani ya programu ya muziki sehemu ya kusawazisha sauti. Programu nyingi zina namna mbili: kusawazisha kila wimbo peke yake, au kusawazisha albamu nzima kwa kipimo kimoja. Kwa mpenda muziki, namna ya pili ndiyo sahihi, kwa sababu inaacha kipande cha huzuni kiwe chini ya kipande cha vita kama kilivyokusudiwa. Kwa daladala, chagua ya kwanza bila aibu. Utapoteza kitu, lakini hutapoteza masikio. Nyingi hubadilika zenyewe: ukicheza albamu kwa mpangilio wake zinatumia kipimo cha albamu, ukizichanganya nyimbo ovyo zinapima wimbo mmoja mmoja. Ila jua kwamba usawazishaji huu haugusi kilicho ndani ya wimbo. "Prelude to War" ya msimu wa pili, yenye dakika kama nane, inapanda ngazi kwa ngazi ndani yake yenyewe. Mwanzo na mwisho wake vitabaki mbalimbali. Kuna programu zinazobana hata hilo, na sikushauri. Ukiibana "Prelude to War" isipande, kinachobaki ni ngoma zinazorudia rudia.

Kwa kipande kama hicho ningekwambia kitu ambacho hakina gharama: usikisikilize kwenye gari. Weka cha garini kiwe kingine, taarabu, bongo fleva, mahubiri, chochote chenye sauti iliyolingana toka mwanzo hadi mwisho. Albamu hii ihifadhie nyumbani, saa ambayo mtaa umetulia. Kelele ya chumbani ikishuka, duduk ile ile iliyokuwa imezama inasikika ukiwa umeweka sauti chini ya asilimia 60 ya uwezo wa simu, kiwango ambacho ndicho kinachoshauriwa, na taiko inabaki pale ilipopaswa kuwa.

Nyumbani nako kuna mtego wake. Wengi wetu tuna sabufa, na sabufa zetu zimefungwa ili zitingishe ukuta. Taiko kubwa ina besi nyingi halisi, na ukiipitisha kwenye sabufa iliyopandishwa hadi mwisho, ngoma kumi tofauti zinakuwa mvumo mmoja. Rudisha kitufe cha besi katikati au chini yake, ondoa sabufa kwenye kona ya chumba maana kona huongeza besi, halafu sikiliza tena. Lengo ni usikie ngozi ikipigwa na fimbo, si dirisha likitetemeka. Kwa upande mwingine, ukisikiliza kwa sauti ndogo sana utaona besi imepotea kuliko vitu vingine. Hilo ni umbile la sikio la binadamu, limejulikana tangu vipimo vya Fletcher na Munson 1933: sauti ikishuka, masafa ya chini hututoka kwanza. Kuongeza besi kidogo usiku ni halali. Kuongeza sauti yote kwa ajili ya besi ndilo kosa.

Ukishapata saa yako tulivu, anza na "Passacaglia", iliyo kuelekea mwisho wa albamu yako ya msimu wa kwanza. Ni nyuzi tu, hakuna taiko. Pasakalia ni mtindo wa zamani wa Ulaya ambapo mfululizo mmoja wa sauti za chini hurudiwa tena na tena huku juu yake mambo yakibadilika; shika ule wa chini, uufuate, na utaona jinsi kipande kinavyokua bila kukimbia. Kisha "Wander My Friends", yenye maneno ya Kiairishi, wimbo wa baba na mwana. Vipande vya vita viache mwisho. Na usishangae kuona mwanzo wa tamthilia umewekwa mara mbili: toleo la Uingereza lina Gayatri, mantra (sala ya kurudiwa) ya Kihindu kutoka Rigveda, maandiko yao ya kale, kwa Kisanskriti, na la Marekani ni tofauti. Zote zimo kwa sababu watazamaji wa nchi hizo mbili walisikia vitu viwili.

Imebaki piano. Hukuuziwa albamu pungufu. Kipande kile hakikutungwa na McCreary wala hakikutungwa kwa ajili ya tamthilia. Ni cha Philip Glass, sehemu ya kwanza ya "Metamorphosis", na kimo kwenye albamu yake "Solo Piano" ya 1989. Ndani ya hadithi Starbuck anasema ni baba yake anayepiga. Albamu ya muziki wa tamthilia kwa kawaida hubeba kazi ya mtunzi wake. Muziki wa mtu mwingine uliokodiwa kwa tukio moja una mwenyewe, na haki ya kuuweka kwenye diski hununuliwa upya. Wakati mwingine hununuliwa, kama ule wimbo wa Bob Dylan ulioimbwa upya mwishoni mwa msimu wa tatu, ambao umo kwenye albamu ya msimu huo. Mara nyingi haununuliwi. Ukikosa kipande chochote tena, kabla ya kumlaumu muuzaji, soma majina yanayopita mwisho wa sehemu hiyo ya tamthilia. Mwenye wimbo huandikwa hapo.

"Solo Piano" ni piano peke yake, haina ngoma ya kukushtua. Lakini kitandani kwa spika za masikioni, nayo ingoje wiki zako mbili ziishe.